Unaunda Kompyuta ya Gemu Ukiwa Tarbaj? Piga Hesabu ya Wati Kwanza

Msee, kabla utume doh Nairobi upakiziwe mashine kwa basi ya Wajir, kuna hesabu moja lazima upige: hiyo kompyuta itakula wati ngapi? Ukiikosea, itakuwa ikijizima katikati ya gemu, ama pawa saplai ichomeke na iende na madabodi. Na kurudisha mzigo Nairobi kutoka Tarbaj si mchezo.

Kwanza shika hii. Pawa saplai ikiandikwa 550W, haimaanishi inakula wati 550 saa zote. Hicho ni kiwango cha juu inachoweza kutoa. Mashine huchukua ile inahitaji tu.

Sasa tujumlishe. Prosesa ya Core i5-12400F ikikazwa inafika wati 117. Kadi ya RTX 3060 ni 170. Madabodi weka 50, RAM mbili 10, SSD 5, hadi diski 10, feni tatu 9. Jumla 371. Zidisha na 1.4, juu kadi ya gemu huruka ghafla na pawa saplai huchoka na miaka. Unapata karibu 520, kwa hivyo chukua ya 550W. Hata Nvidia wanapendekeza hiyo kwa RTX 3060.

Lakini usiamini namba kubwa ya kwa boksi. Angalia stika, pale kwa +12V, ndipo prosesa na kadi hukula. Zidisha ampea na 12. Ikiwa ni 20A, hiyo ni wati 240 pekee, na prosesa na kadi yako zinataka 287. Hiyo ni feki, achana nayo. Pia uliza imepimwa kwa joto gani. Iliyopimwa kwa nyuzi 25 itateseka na jua la Wajir. Tafuta ya nyuzi 40 au 50, na upanguse vumbi mara kwa mara.

Hesabu ya pili ni ya stima yenyewe. Mji wa Wajir umetegemea jenereta za dizeli miaka mingi, na kaunti iko kwa zile 14 za KOSAP, mradi wa sola wa serikali na Benki ya Dunia. Kwa hivyo wengi huku wanaishi na paneli na betri zao.

Betri ya 12V 100Ah ina wati-saa 1,200. Kama ni ya risasi, tumia nusu tu isife mapema: 600. Ile mashine ya gemu ikikazwa, pamoja na monita, inavuta kama wati 460. Saa nne ni 1,840, na inveta ikipoteza yake unafika karibu 2,200. Hizo ni betri nne, manze!

Mashine ya ofisi ya ex-UK nayo, ikivuta wati 85 na monita yake, inatumia kama 400 kwa hizo saa nne. Betri moja inatosha.

Kama bajeti ni ya betri moja, anza na hiyo ya ofisi. GTX 1050 Ti ni wati 75 na aina nyingi hazihitaji waya wa ziada. Pima kwanza kama itaingia kwa kesi, na ujumlishe wati upya kabla ulipe.