Viwango vya Masharti na Thamani ya Shilingi: Kwa Nini Vipitiwe Kila Mwaka

Katika kitabu cha masharti cha kila chama cha msingi zimo tarakimu: kiingilio, thamani ya hisa, faini ya mchelewaji, posho ya mjumbe, mkono wa pole kwa mfiwa, na fedha anayopewa mwanachama anapojitoa kwa sababu ya uzee. Tarakimu hizo zilipitishwa na wanachama wenyewe katika Mkutano Mkuu, zikaandikwa na kugongwa muhuri. Mara nyingi hubaki hivyo kwa miaka mingi, ilhali bei za vitu hazibaki.

Chukueni mfano wa chama cha akiba na mikopo katika bonde la Yaeda Chini, wilayani Mbulu. Tuseme mwaka 2015 wanachama walikubaliana kwamba kaya iliyofiwa ipewe shilingi 100,000, na wakati huo gunia la mahindi lilikuwa shilingi 50,000. Mkono huo wa pole ulitosha magunia mawili ya kuwalisha waombolezaji. Ikiwa leo gunia ni shilingi 80,000, mjane anayepokea shilingi 100,000 zile zile ananunua gunia moja na robo. Daftari la chama linaonyesha kwamba ahadi imetimizwa yote. Mjane anajua kwamba imepungua, ingawa hakuna kikao kilichoamua kumpunguzia.

Hili ndilo jambo la msingi katika makala hii. Kiwango kilichoandikwa kwa shilingi, kisipopitiwa, hupungua chenyewe. Wajumbe wakinyamaza, wamekwisha kuamua.

JINSI BEI INAVYOPIMWA

Kupanda kwa jumla kwa bei za vitu huitwa mfumuko wa bei. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza kila mwezi Fahirisi ya Bei za Mlaji. Fahirisi hiyo ni mfano wa kapu lenye vyakula, mavazi, mafuta, nauli na mahitaji mengine. Gharama ya kapu hilo katika mwaka wa kizio huhesabiwa kuwa 100. Kapu likigharimu asilimia 5 zaidi, fahirisi husomeka 105.

Kasi ya kupanda haifanani kila mwaka. Kwa wastani wa mwaka 2012 mfumuko wa bei nchini ulikuwa asilimia 16. Mwaka 2024 ulikuwa asilimia 3.1 tu. Hata hivyo kasi ndogo nayo haipuuzwi. Bei zikipanda kwa asilimia 3 kila mwaka kwa miaka kumi, kitu cha shilingi 100,000 hufikia karibu shilingi 134,000.

KODI, AKIBA NA MAFAO

Baadhi ya nchi zimeweka sheria kwamba viwango vya serikali vifuate bei bila kungoja hotuba ya kiongozi. Nchini Marekani, tangu mwaka 1975, mafao ya wazee hurekebishwa kila mwaka kwa kufuata fahirisi. Kwa mwaka 2023 yaliongezwa kwa asilimia 8.7. Madaraja ya kodi ya mapato na kikomo cha akiba ya uzeeni isiyotozwa kodi hurekebishwa kwa njia hiyo hiyo.

Kwetu Tanzania, daraja la kodi ya mshahara hubadilika pale Bunge linapopitisha sheria ya fedha. Kuanzia Julai 2012 mshahara usiozidi shilingi 170,000 kwa mwezi haukutozwa kodi. Kikomo hicho kilidumu miaka minane, hadi Julai 2020 kilipopandishwa kuwa shilingi 270,000. Katika kipindi hicho Serikali ilipunguza kiwango cha chini cha kodi hatua kwa hatua hadi asilimia 9 mwaka 2016, na huo ulikuwa unafuu. Lakini mfanyakazi aliyekuwa chini kidogo ya kikomo, akaongezewa mshahara kwa kiasi cha kufidia bei tu, aliingia katika kodi bila kuwa tajiri zaidi.

Kwa upande wa mafao, Zanzibar inatoa mfano wenye mafunzo. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa wazee wote waliofikia miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Hilo lilikuwa jambo la heshima kubwa katika Afrika Mashariki. Kiwango kilibaki hapo hadi mwaka 2023 kilipopandishwa kuwa shilingi 50,000. Ongezeko hilo ni kubwa kuliko kupanda kwa bei, na wazee walistahili kulifurahia. Hata hivyo, mzee aliyefariki mwaka 2022 alipokea miaka yote shilingi zilizokuwa zikipungua nguvu, wala ongezeko la 2023 halikumfikia. Nyongeza kubwa inayochelewa hailingani na nyongeza ndogo inayokuja kila mwaka.

Akiba nayo ina historia yake. Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi ulioanzishwa mwaka 1964 ulimlipa mstaafu fedha zake kwa mkupuo. Katika sehemu kubwa ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, na fedha zilizokatwa kwa jasho la miaka ya nyuma zilinunua kidogo sana siku ya kuchukuliwa. Sheria ya mwaka 1997 iliubadili mfuko huo kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, wenye kulipa pensheni.

Katika chama cha akiba na mikopo hesabu ni ile ile. Mwanachama aliyeweka shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 4, bei zikipanda kwa asilimia 6, mwisho wa mwaka anazo shilingi 1,040,000. Vitu alivyoweza kununua mwanzoni sasa vinataka shilingi 1,060,000. Amepoteza, ingawa daftari linaonyesha faida.

HATARI ZA KUREKEBISHA BILA HESABU

Isidhaniwe kwamba kupandisha kila kiwango ni dawa. Kenya iliweka katika sheria yake ya mwaka 2015 kwamba ushuru wa baadhi ya bidhaa uweze kurekebishwa kufuata mfumuko wa bei. Mwezi Oktoba 2022 ushuru huo ulipandishwa kwa asilimia 6.3. Walalamikaji walisema kwamba ushuru unaopandishwa kwa sababu bei zimepanda huzipandisha bei tena. Mwaka 2023 kifungu hicho kilifutwa.

Kwa vyama hatari iliyo kubwa zaidi ni nyingine. Chama kikipandisha mkono wa pole bila kupandisha mchango unaoulipia, mfuko utakauka, na wafiwa wa mwishoni hawatapata chochote. Mchango na fao ni jembe na mpini. Kimoja hakilimi bila kingine.

Aidha, fahirisi ya taifa hutegemea zaidi masoko ya mijini. Katika Yaeda Chini sabuni, sukari na mabati huteremshwa kutoka Mbulu mjini, na gharama ya gari huongezwa juu ya bei. Mwaka wa ukame mahindi hupanda na mbuzi hushuka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo fahirisi iwe mwongozo tu, na wanachama wailinganishe na bei za mnada na za maduka yao.

UTARATIBU UNAOPENDEKEZWA

Kila mwaka Mkutano Mkuu hupitisha makisio ya mapato na matumizi pamoja na ukomo wa madeni. Katika kikao hicho hicho viwango vya chama vyaweza kupitiwa kama ifuatavyo:

1. Katibu aandike orodha ya viwango vyote vilivyotajwa kwa shilingi, na mwaka ambao kila kimoja kilipitishwa.

2. Atafute fahirisi ya mwaka ule na ya sasa, zote za mwaka mmoja wa kizio. Fahirisi zinazotumika sasa zina kizio cha mwaka 2020. Zisichanganywe na za zamani.

3. Azidishe kiwango kwa fahirisi ya sasa, kisha agawanye kwa fahirisi ya zamani. Mfano: kiwango cha shilingi 50,000, fahirisi ikitoka 110 kufika 115.5, huwa shilingi 52,500.

4. Ajihadhari na kukamilisha hesabu. Ada ya shilingi 10,000 ikiongezwa asilimia 3 ni shilingi 10,300. Ikirudishwa kwenye elfu iliyo karibu inakuwa shilingi 10,000 tena, na mwaka wa pili vivyo hivyo, bila kusogea kamwe. Tarakimu kamili ihifadhiwe daftarini, na hesabu ya mwaka unaofuata ianzie hapo.

5. Bodi ipime kama mfuko unaweza kubeba ongezeko, na ipendekeze mchango na fao kwa pamoja.

6. Marekebisho ya masharti hayana nguvu mpaka yasajiliwe na Mrajis. Kwa hiyo yafaa masharti yaseme kwamba kiwango kitapangwa na Mkutano Mkuu kila mwaka, na tarakimu yenyewe iwekwe katika azimio la mkutano. Chama kilichoandika tarakimu ndani ya masharti kiombe ushauri wa Afisa Ushirika kabla ya kuzigusa.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la lugha. Katika bonde hili huketi pamoja Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe, na si kila mmoja amezoea asilimia. Katibu akisema kwamba thamani imeshuka kwa asilimia thelathini na saba na nusu, wengi watanyamaza. Akisema kwamba fedha iliyonunua magunia mawili leo inanunua moja na robo, na maneno hayo yakafasiriwa, mkutano utajadili. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lisilopitiwa nalo huimaliza mali kimya kimya, na wa kwanza kuumia ni mjane, mzee na mgonjwa, ambao hawana sauti kubwa kikaoni.