Chupa Iliyofichwa Melini

Kwetu Rabai mtu hanywi mnazi kwa kujificha. Mnazi hunywewa mangweni, kwa mrija, watu wakitazamana, na mzee akimwona kijana amezidisha humwambia, "Basi mwanangu, nenda ukalale." Na mila hiyo ndiyo niliyokuwa nayo nilipotoka Mombasa kwenda Marekani, kuwa mtumishi wa vyumba katika meli moja ya kitalii. Kwa muda wa miezi minane tulikuwa tukitoka bandari ya Miami, tukizunguka visiwa vya Karibi, na kurudi Miami kuchukua abiria wengine.

Huenda wewe msomaji ukauliza: ikiwa mtu amelipa nauli yake, kwa nini akatazwe kuingia na kinywaji chake? Jibu ni biashara. Nauli hulipia kitanda na chakula, na abiria anaweza kula mchana kutwa asiulizwe hata senti moja. Lakini vinywaji huuzwa kando, na katika baa ndimo kampuni zinamopata sehemu kubwa ya faida. Anayeingia na kreti yake ni sawa na mtu anayekwenda hotelini na sufuria ya pilau.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Kampuni nyingi humruhusu kila mtu mzima kuingia na chupa moja ya divai au shampeni ya mililita 750, siku ya kupanda meli tu, tena aibebe mkononi. Katika meli zinazotoka Marekani, mtu mzima kwa jambo hili ni aliyetimiza miaka 21. Akitaka kuinywa mezani, mara nyingi hutozwa ada ya kufunguliwa chupa, ambayo huweza kuwa dola 15 au zaidi. Pombe kali haziruhusiwi. Na ukinunua ramu huko Jamaica au Barbados, huchukuliwa ngazini, hutiwa kibandiko chenye jina lako na namba ya chumba, nawe hurudishiwa safari inapokwisha.

Lakini binadamu hakosi hila. Mashine za eksirei humulika masanduku yote, na bado watu hujaribu. Wengine hutia pombe katika mifuko laini ya plastiki na kuifunga ndani ya nguo. Wengine huitia katika chupa za maji, na kwa sababu hiyo kampuni ya Carnival ilikataza mwaka 2015 abiria wasiingie na maji wala soda za chupa. Wako pia wanaotia rangi ya chakula katika pombe, wakaijaza katika chupa za dawa ya kusukutua kinywa.

Hizo za mwisho nilizikuta mwenyewe. Bwana mmoja wa makamo, mcheshi sana, alikuwa na chupa tatu za dawa hiyo bafuni. Siku ya pili nilipokuwa nikisafisha, moja ilikuwa wazi, na harufu yake haikuwa ya dawa. Bwana yule alicheka, akaweka kidole mdomoni, kisha akanitia noti ya dola 20 mkononi. Nikaipokea, nikanyamaza.

Usiku wa nne alianguka kwenye ngazi, akapasuka paji la uso. Mhudumu wa baa aliapa kwamba alimuuzia bia mbili tu, na alisema kweli. Daktari alitaka kujua amekunywa nini hasa, ili ajue dawa ya kumpa. Mkewe aliinamisha kichwa. Nikaona nikiendelea kunyamaza nitakuwa mshiriki wa msiba, nikasema yote.

Bwana alishonwa, akapona. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kutotoa taarifa mapema, nikaambiwa kosa la pili litanirudisha kwetu. Karo ya watoto wangu wawili ilitegemea kazi ile. Noti yake nilimrudishia katika bahasha, naye akaipokea asiniangalie.

Hapo nikafahamu kwamba sheria ile si ya faida peke yake. Kanuni za kimataifa za mabaharia, zilizoanza kutumika mwaka 2012, zinaweka kikomo cha asilimia 0.05 ya pombe katika damu kwa wenye kazi za usalama melini. Hata mtandika vitanda kama mimi alikuwa na kazi hiyo: kuwaongoza abiria kwenye mashua za kuokolea king'ora kikilia, mara saba kwa ufupi na mara moja kwa urefu. Je, lau kingelia usiku ule, ningembebaje mtu wa kimo kile? Muuza baa huweza kumwambia mlevi basi. Anayekunywa chumbani peke yake hana wa kumwambia.

Basi wewe utakayebahatika kupanda meli hizi, iwe ni Kilindini au ng'ambo, ulizia masharti ya kampuni yako kabla ya kufunga sanduku, maana hutofautiana na hubadilika. Kuuliza si ujinga. Chukua chupa yako ya halali, uifungue mezani mbele za watu. Na mtumishi anayekutandikia kitanda usimpe siri ya kukutunzia, kwani huenda siri hiyo ikamkosesha unga.