Simu ya nyumbani inapovuma kama nyuki: Tafuta chanzo kabla ya kumlipa fundi

MWAKA 2010, shangazi yangu aliyekuwa akiishi Makadara, kisiwani Mombasa, alianza kulalamika kwamba simu yake ya mezani imeingia nyuki. Kila alipoinua mkono wa simu alipokewa na mvumo usiokatika, na sauti ya aliyempigia ilikuja nyuma ya mvumo huo kama mtu anenaye akiwa ndani ya mtungi.

Mwanawe wa pekee alikuwa akifanya kazi Muscat na alimpigia kila Ijumaa baada ya swala. Mazungumzo yaliyozoea kuchukua nusu saa yalipungua yakawa dakika tano, kisha mbili. "Mama, sikusikii, nitakupigia wiki ijayo," ndiyo yaliyokuwa maneno ya mwisho kila mara. Shangazi, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka, aliamini kwamba mwanawe amemchoka yeye.

Alinunua simu mpya, mvumo ukabaki. Alimlipa fundi abadilishe waya uliotoka dirishani hadi sebuleni, mvumo ukabaki. Jioni moja mjukuu aliyekuwa akifagia aliuchomoa waya wa modemu ya intaneti ukutani. Shangazi alipoinua simu dakika chache baadaye, ilikuwa kimya na safi. Tulipolifungua boksi la modemu tulikuta visanduku viwili vyeupe, vidogo kama kiberiti, bado vimo katika mfuko wa plastiki. Wenye nyumba walidhani ni vipuri. Kumbe ndivyo vilivyokuwa dawa.

Waya mmoja, wasafiri wawili

Ili kuelewa kilichotokea, ni vyema kukumbuka jinsi intaneti ya kasi ilivyoingia katika nyumba nyingi. Waya wa simu ni jozi ya nyuzi za shaba zilizosokotwa pamoja, na ulibuniwa kubeba sauti ya mwanadamu peke yake. Simu ya kawaida hupitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde, ambayo yatosha kabisa kumtambua anayezungumza na kuelewa asemacho.

Wahandisi waligundua kwamba juu ya kiwango hicho waya una nafasi kubwa isiyotumika. Teknolojia iitwayo ADSL huitumia nafasi hiyo kubeba intaneti, kuanzia mitetemo ipatayo 25,000 kwa sekunde hadi zaidi ya milioni moja. Hivyo sauti na intaneti husafiri katika waya mmoja kwa wakati mmoja, sauti ikipita chini na intaneti ikipita juu, mithili ya nyumba ya ghorofa yenye wapangaji wawili.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa sikio la binadamu halisikii mitetemo inayozidi 20,000 hivi kwa sekunde, mvumo watoka wapi? Jibu ni kwamba simu yenyewe haikuundwa kuyapokea mawimbi hayo ya juu. Yanapoingia ndani yake, vifaa vyake huyapotosha yakazaa mawimbi mengine ya chini, na hayo ndiyo yanayosikika kama mvumo au kelele ya mvua juu ya mabati.

Kazi ya kisanduku kile cheupe, yaani kichujio, ni kuyazuia mawimbi ya juu yasiifikie simu na kuiachia sauti peke yake ipite. Aidha, kichujio huilinda intaneti dhidi ya simu. Simu isiyo na kichujio huweza kuyavuruga mawimbi ya modemu, ndiyo maana katika baadhi ya nyumba intaneti hukatika kila simu inapolia au inapoinuliwa.

Sikiliza kabla ya kushika

Si kila mvumo unaosababishwa na kukosekana kwa kichujio. Kelele za simu hutofautiana, na sikio makini laweza kuupunguza msako.

Kelele laini isiyobadilika, mfano wa mvua au redio isiyokamata kituo, na ambayo hutoweka modemu inapochomolewa, huelekeza kidole kwa kichujio. Mngurumo mzito na wa chini huelekea kutoka kwa umeme wa nyumba, ambao nchini Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde. Chanzo chaweza kuwa adapta mbovu ya modemu au waya wa simu uliolazwa sambamba na waya wa umeme. Mlio wa kukatika-katika unaokuja kwa vipindi vifupi mara nyingi ni wa simu ya mkononi iliyowekwa karibu. Nayo mikwaruzo inayozidi siku za mvua ni dalili ya kiungo cha waya kilichoingia maji au kutu.

Hatua za kufuata

Kanuni kuu ni moja: ondoa kitu kimoja, sikiliza, kisha uendelee. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hatajua kipi kilichomponya.

Kwanza, inua mkono wa simu na ubonyeze tarakimu moja ili mlio wa kawaida wa laini unyamaze. Hapo utausikia mvumo wenyewe. Kisha chomoa waya wa modemu unaoingia katika soketi ya simu. Mvumo ukikoma, chanzo kimo ndani ya nyumba yako na hakuna haja ya kuilaumu kampuni ya simu.

Pili, hakikisha kila kifaa kinachotumia sauti kina kichujio chake. Hapa ndipo wengi hukosea. Simu ya sebuleni huwekewa kichujio, ilhali simu ya ghorofani, mashine ya faksi au king'ora cha wezi kilichounganishwa na laini hiyo husahaulika. Kifaa kimoja kilichosahaulika chatosha kuiharibu laini yote.

Tatu, angalia kichujio kimeunganishwa ipasavyo. Mkia wake huingia ukutani. Baadhi yake huwa na tundu moja tu, nalo ni la simu. Vingine huwa na mawili, moja la simu na jingine la modemu. Modemu haistahili kupita katika tundu la simu, kwa kuwa kichujio kitayazuia mawimbi yale yale inayoyahitaji. Wala hakuna faida ya kuvipanga vichujio viwili kwa mfuatano. Jambo hilo huweza kuleta matatizo mapya.

Nne, ikiwa vichujio vipo na mvumo ungalipo, badilisha kimoja baada ya kingine. Vichujio huharibika, hasa baada ya radi kupiga karibu.

Tano, ichunguze adapta ya umeme ya modemu. Ihamishie katika soketi nyingine ya umeme, mbali na waya wa simu. Ukiwa na adapta nyingine ya aina ile ile, yenye volti sawa na isiyopungukiwa na ampea, ijaribu. Usiifungue adapta yenyewe kwa hali yoyote.

Sita, na hii ndiyo hatua ya kukata shauri: chomoa kila kitu nyumbani, kisha unganisha simu moja ya kawaida yenye waya katika soketi ya kwanza, pale laini inapoingia kutoka nje. Ikiwa ni kimya, tatizo limo katika nyaya za ndani. Rejesha vifaa kimoja kimoja hadi mvumo urudi, na cha mwisho kurejeshwa ndicho mkosaji. Ikiwa mvumo ungalipo, basi hitilafu iko nje ya nyumba yako, na ni jukumu la kampuni. Unapotoa ripoti, eleza kwamba umefanya jaribio hilo. Maelezo hayo humwondolea fundi kisingizio cha kukuuzia simu mpya.

Kuta nene na hewa ya chumvi

Nyumba za Makadara na Mji wa Kale zina masaibu yake. Nyingi za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene kiasi kwamba intaneti isiyo na waya hupenya kwa shida kutoka chumba hadi chumba. Suluhu ya wengi imekuwa kuvuta waya mrefu wa simu, ule bapa wa madukani, ukapita juu ya mlango na kushuka ngazi hadi modemu ilipo. Waya bapa haukusokotwa, na msokoto ndio unaousaidia waya wa simu kujikinga na kelele za umeme. Kila urefu wake unapozidi, ndivyo unavyozidi kuzoa uchafu njiani.

Iwapo huna budi kuuvuta, tumia waya uliosokotwa na uutenge na ule wa umeme. Pale zinapolazimika kukutana, zikatane kama msalaba wala zisilale pamoja.

Fauka ya hayo, hewa ya bahari hubeba chumvi na unyevu. Kiungo cha shaba kilichofungwa kwa utepe tu hugeuka rangi ya kijani kibichi baada ya misimu michache, na kiungo cha namna hiyo hukwaruza na kuvuma. Kikatwe na kufungwa upya ndani ya kisanduku kisichoingiza maji.

Tahadhari: laini ya simu hubeba umeme wa moja kwa moja wa volti 48 hivi, na simu inapolia volti hizo hupanda hadi kumtikisa mtu. Usiguse nyuzi zilizo wazi, na wakati wa radi chomoa modemu na simu ukae mbali nazo.

Enzi ya shaba inapofikia ukingoni

Mnamo 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilizopita chini ya bahari zilitua Mombasa, na intaneti ya kasi ikatufikia mlangoni. Lakini kwa nyumba nyingi, hatua chache za mwisho zilibaki kuwa waya ule ule wa shaba ukutani. Tangu wakati huo Wakenya wengi wamehamia nyuzi za kioo na intaneti ya minara. Nchini Uingereza, waliko jamaa zetu wengi, mtandao wa simu wa zamani umepangiwa kuzimwa ifikapo Januari 2027.

Uzi wa kioo hubeba mwanga, kwa hivyo hauzoi mngurumo wa umeme, na simu iliyounganishwa nyuma ya kifaa chake haihitaji kichujio tena. Hata hivyo, mvumo waweza kurudi kupitia adapta mbovu au kiwaya kifupi kinachotoka kwenye kifaa hicho hadi kwa simu. Kanuni ya kuondoa kimoja na kusikiliza yafaa huko pia.

Kuna tofauti nyingine isiyostahili kusahauliwa. Simu ya waya wa shaba ililishwa umeme na kituo cha simu, hivyo ile ya kawaida iliendelea kufanya kazi hata stima zilipopotea mtaani. Simu inayotegemea kifaa cha intaneti huzimika pamoja na taa. Mwenye mzee nyumbani anayeitegemea simu ya mezani kuomba msaada hana budi kumwekea betri ya akiba, au simu ya mkononi iliyo na chaji na namba za dharura, 999 na 112.

Ama shangazi, visanduku viwili vilipachikwa Alhamisi jioni, kimoja sebuleni na kingine ghorofani. Ijumaa iliyofuata simu ya Muscat ililia kama kawaida. Chakula cha mchana kilipoa mezani tukimngoja, naye hakuonyesha dalili ya kuuweka chini mkono wa simu.