Wengi Wape, Lakini Dhamiri Usiwape

Mwalimu hujifunza mengi kwa kuitazama mikono ya watoto. Siku moja hapa Shasha, kijiji chetu kilicho kando ya Ziwa Kivu, katika barabara itokayo Sake kwenda Minova, nililiuliza darasa la sita shauri dogo: je, kazi ya kufagia uwanja wa shule ifanywe na wasichana peke yao? Wavulana wakainua mikono kwa furaha. Wasichana wakatazamana, kisha nao wakainua mikono, mmoja mmoja, maana waliona kwamba shauri limekwisha kukatwa. Mkono mmoja tu ulibaki juu ya meza. Ulikuwa wa mvulana mdogo, wala si yule mwenye akili kupita wenzake. Nilipomwuliza sababu, alisimama akasema: “Mwalimu, uwanja twauchafua sote.” Wenzake wakamcheka, na walipotoka nje wakamwita msaliti wa wavulana.

Nakiri kosa langu. Siku ile nilihesabu mikono, nikaandika uamuzi ubaoni, nikaendelea na hesabu za sehemu. Lakini mkono ule uliobaki mezani haukunitoka moyoni.

Wasomaji wapenzi, sote twaijua methali isemayo, Wengi wape. Ni methali ya hekima. Watu wakikaa barazani kushauriana, haiwezekani kila mtu apate alitakalo. Basi walio wachache huwaachia walio wengi, na amani hudumu. Pasipo desturi hiyo hakuna ukoo, chama wala serikali iwezayo kusimama. Lakini yatupasa kujiuliza: wengi tuwape nini? Tuwape uamuzi, tuwape na utii katika mambo ya halali. Dhamiri hatuwezi kuwapa, maana si mali yetu ya kugawa. Ni sauti ya Mungu ndani ya mtu.

Mtakatifu Luka atueleza habari za Yosefu wa Arimataya. Huyu alikuwa mjumbe wa baraza lile lile lililomhukumu Bwana wetu Yesu Kristu, lakini yeye hakukubaliana nao katika shauri lao wala katika tendo lao. Je, aliizuia hukumu? Hakuizuia. Wengi walishinda. Lakini jioni ya Ijumaa ile, wengi walipokwisha kwenda zao, ndiye aliyethubutu kumwendea Pilato na kuuomba mwili wa Bwana. Mikono ambayo haikushiriki shauri baya ndiyo iliyopata heshima ya kuuzika mwili mtakatifu.

Leo nataka kuwasimulia habari za mwanasiasa wa nyakati zetu aliyejua kuutuliza mkono wake mezani. Alikuwa mtu wa Kenya, nchi iliyo ng'ambo ya Uganda, na jina lake Masinde Muliro.

MWALIMU ALIYEINGIA BARAZANI

Muliro alizaliwa mwaka 1922 katika nchi ya Wabukusu, magharibi ya Kenya. Alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika ya Kusini, na aliporudi kwao alifanya kazi ya ualimu. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Waliochaguliwa walikuwa wanane tu, na Muliro alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1960 akawa makamu wa Ronald Ngala katika chama cha KADU, kilichokusanya makabila madogo yaliyoogopa kumezwa na makubwa. KADU kilishindwa katika uchaguzi, na mwezi wa Novemba 1964 kikavunjwa, wabunge wake wakajiunga na KANU, chama cha Rais Jomo Kenyatta. Basi Muliro alijua mapema maana ya kukaa upande wa wachache. Hata hivyo hakukataa kuitumikia serikali. Mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Ujenzi, mwenye cheo na heshima yake.

MBUNGE ALIYETOWEKA

Mwezi wa Machi mwaka ule jambo la kutisha lilitokea. Josiah Mwangi Kariuki, aliyejulikana kwa jina la J.M., alikuwa mbunge aliyependwa sana na maskini. Zamani alifungwa kizuizini na Waingereza wakati wa Mau Mau, kisha akawa mwandishi wa Kenyatta mwenyewe. Lakini baada ya uhuru aliwashutumu wakubwa waliojilimbikizia mashamba na fedha hali wananchi wakibaki mikono mitupu. Tarehe 2 Machi alionekana akitoka katika Hoteli ya Hilton mjini Nairobi pamoja na maofisa wa polisi. Hakuonekana tena akiwa hai. Ikasemwa kwamba amesafiri Zambia. Kumbe maiti yake ilikuwa imekwisha kuonwa na mchungaji wa ng'ombe katika vilima vya Ngong, ina majeraha ya risasi.

Bunge likaunda kamati ya uchunguzi chini ya uongozi wa Elijah Mwangale. Mwezi wa Juni taarifa ya kamati ikaletwa mbele ya wabunge, nayo iligusa watu wakubwa. Serikali ilitaka Bunge liseme tu kwamba limeiona taarifa. Wabunge wengine walitaka Bunge liikubali. Msomaji asidhani kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Mtu akija mbio kukuambia kwamba nyumba ya jirani yaungua, nawe ukajibu, “Nimesikia,” kisha ukaendelea kula, hukusema uwongo; lakini nyumba yateketea.

KURA TATU

Twapaswa kufahamu kifungo alichokuwa nacho Muliro. Katika serikali za namna ile, mawaziri husema kwa kinywa kimoja. Waziri asiyekubaliana na wenzake hunyamaza, au huacha kazi. Tena njia nyepesi zilikuwapo. Angeweza kuugua siku ile, au kuwa na safari ya kukagua barabara. Wangapi kati yetu hawakupata kuumwa kichwa siku ya mkutano mgumu?

Muliro alikuja, akapiga kura dhidi ya Serikali yake mwenyewe. Katika mawaziri alikuwa peke yake. Manaibu waziri wawili, John Keen na Peter Kibisu, walifanya kama yeye. Kura zilipohesabiwa, waliotaka taarifa ikubaliwe walikuwa 62, na waliokataa 59. Wanafunzi na wafanye hesabu: kama watu hao watatu wangalikwenda upande wa pili, ingalikuwa 59 kwa 62, na Serikali ingalishinda. Mara nyingi twasema, “Kura yangu mimi itafaa nini?” Hili ndilo jibu.

Rais Kenyatta aliwaondoa wote watatu katika vyeo vyao. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo kwa sheria, nao walijua jambo hilo kabla ya kupiga kura. Hapo ndipo heshima yangu kwa Muliro inapoanzia. Mtu akipinga jambo pasipo kupoteza kitu, hatujui bado kama ana dhamiri au ana maneno tu. Waziri anayekubali kushuka katika kiti chake kwa ajili ya maiti ya mtu mwingine, huyo twajua.

JE, ILIFAA?

Msomaji atauliza: baada ya hayo, wauaji walihukumiwa? La. Hata mtu mmoja hakuhukumiwa kwa kifo cha J.M. Tena mambo yaliendelea kuwa magumu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, mbunge Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Alipodaiwa ushahidi, Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, alisema kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge, wakawekwa kizuizini pasipo hukumu mpaka Desemba 1978.

Hofu iliendelea kufanya kazi yake. Mwezi wa Juni 1982 uliletwa Bungeni mswada wa kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria. Hakuna mbunge hata mmoja aliyepiga kura ya kuupinga. Wote walikuwa wamoja, kama mikono ya darasa langu. Je, umoja ule ulikuwa nguvu? Miaka tisa haikupita kabla nchi haijajaa manung'uniko, na mwezi wa Desemba 1991 Bunge likaifuta sheria ile. Miongoni mwa wazee waliosimama mwaka 1991 kudai vyama vingi, walikuwapo Muliro na Shikuku. Muliro hakuuona uchaguzi alioudai. Alifariki Agosti 1992 alipofika uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London. Leo chuo kikuu kilichoko Kakamega chaitwa kwa jina lake.

Simsemi kana kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mwanasiasa, mwenye mapatano na makosa yake. Nasema tu kwamba siku ile alipoulizwa, alijibu kweli.

MWANAMKE PEKE YAKE MIAKA 13

Katika mji ule ule wa Cape Town alikosoma Muliro, yuko mbunge mwingine aliyebaki peke yake si siku moja, bali miaka 13. Ni Helen Suzman, mwanamke mzungu wa ukoo wa Kiyahudi, aliyesomeshwa na masista Wakatoliki mjini Johannesburg. Kuanzia 1961 mpaka 1974 alikuwa mbunge wa pekee wa chama chake katika Bunge la ubaguzi, ambamo Waafrika hawakuruhusiwa kukaa. Mwaka 1963 ililetwa sheria ya kuwapa polisi uwezo wa kumweka mtu kizuizini siku 90 pasipo kumshtaki. Yeye peke yake ndiye aliyepiga kura ya kuikataa. Hakuishia kusema hapana. Aliuliza mawaziri maswali pasipo kuchoka, akaenda magerezani kuwaona wafungwa. Mwaka 1967 alifika Kisiwa cha Robben, akazungumza na Nelson Mandela. Alifariki mwaka 2009, akiwa ameiona siku ya watu wote kupiga kura.

SI KILA MPINGAJI NI SHUJAA

Lakini tujihadhari. Wako watu ambao hupinga kila neno ili waonekane. Ukisema twende, yeye asema tukae. Mkikaa, yeye asimama. Huyo hana dhamiri, ana kiburi. Nionavyo mimi, mpingaji wa kweli ana alama tatu.

Kwanza, amesikiliza. Ameyapima maneno ya wenzake, akaomba mwanga kwa Mungu, na kukataa kwake kuna sababu iwezayo kusemwa kwa maneno machache, kama yule mvulana alivyofanya.

Pili, asema barazani. Hakubali ndani kisha akanung'unika njiani. Katika mikutano ya wazazi nimeona mara nyingi jinsi shauri linavyopita kwa makofi, halafu wale wale waliopiga makofi hulilaani wakiwa chini ya migomba. Hasara ikija, kila mtu asema, “Mimi nilijua.” Ulijua, ndugu yangu, lakini hukusema!

Tatu, yu tayari kulipa mwenyewe. Hawasukumi wengine mbele. Naye akishindwa kwa haki, hachukui rungu wala panga. Hutii lililo halali, na hukataa kuyatenda yaliyo dhambi.

NA SISI HUKU KIVU

Nchi yetu nayo ina habari zake. Mwezi wa Novemba 1980, wabunge 13 wa Zaire walimwandikia Rais Mobutu barua ya wazi juu ya maovu ya utawala. Walikamatwa, wakanyang'anywa viti vyao. Tena karibu nasi zaidi, mjini Goma, yuko Mwenye heri Floribert Bwana Chui. Hakuwa mbunge, alikuwa kijana mwenye kazi ya kukagua bidhaa za mpakani. Alipewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni, akakataa. Mwaka 2007 aliuawa, mwenye umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye heri huko Roma. Kura yake ilikuwa moja tu, nayo aliipiga pasipo mtu kumwona ila Mungu.

Nyinyi wazazi, mtoto akiwaambia kwa adabu kwamba haoni haki katika jambo fulani, msimpige kabla ya kumsikia. Na hasa msimwite mchawi mtu aliyekataa peke yake. Huenda ndiye aliyeuona moshi kabla yetu. Nanyi wanafunzi, anzeni sasa, katika mambo madogo. Aliyezoea kuinua mkono kwa kuwaogopa wenzake darasani, atauinua kwa kuwaogopa wakubwa atakapokuwa barazani.

Yule mvulana wa darasa langu alishindwa, nami nimekwisha kusema. Wasichana walifagia juma lile. Lakini siku ya kwanza tu niliona fagio moja zaidi uwanjani: alikuwa akifagia pamoja nao, asiseme neno. Juma la tatu niliwauliza tena shauri lile lile. Safari hii mikono mingi ilibaki mezani, na waliotangulia kuituliza yao ni wasichana wenyewe. Sasa uwanja wafagiwa na wote kwa zamu, mwalimu akiwamo.