Kishale cha Upepo: Kazi Yote Iko Mkiani

Mtu wa pwani akisema leo kunavuma kusi, anataja upande upepo unakotoka. Kishale cha upepo, kile kinachozunguka juu ya mlingoti katika vituo vya hali ya hewa, nacho husema hivyo hivyo: ncha yake hutazama upepo unakotoka, mkia ukalala upande unakokwenda. Macho yetu huvutwa na ncha, lakini anayefanya kazi ni mkia.

Siri yake ni kwamba pande mbili za kishale husawazishwa kwenye mhimili, lakini hutofautiana kwa upana. Mkia una bapa linalokinga upepo. Ncha ni nyembamba, ila imeongezewa kipande cha chuma kizito ili mizani isilalie nyuma. Upepo ukipiga ubavuni, husukuma mkia kuliko ncha, na kishale hugeuka mpaka bapa lilale sambamba na upepo. Elimu hii ni ya kale. Athens, Ugiriki, bado umesimama Mnara wa Pepo wenye pande nane, uliojengwa na Andronikos wa Kyrrhos zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma, aliandika kwamba juu yake palikuwa na sanamu ya shaba ya Triton iliyozunguka na kunyoosha fimbo kuelekea upepo uliokuwa ukivuma.

Upepo mwanana husamehe makosa ya fundi. Upepo mkali hausamehe. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne, na hapo kishale kibovu huanza kupiga huku na huku kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Kinageuzwa, kinapitiliza, kinarudishwa, kinapitiliza tena. Ajabu ni kwamba nguvu ya upepo haikiponyi tabia hiyo. Kiasi ambacho kishale hupitiliza hutokana na umbo lake: uzito wake, upana wa bapa, na umbali wa bapa hilo kutoka kwenye mhimili. Upepo ukizidi, kinayumba vile vile, ila kwa haraka zaidi, na beringi zinalika. Ndiyo maana mkia mzuri huwa mwepesi, mgumu usiopinda, na uko mbali na mhimili. Jogoo mzito wa chuma juu ya paa anapendeza macho, lakini dhoruba ikija sitamwamini.

Kwa nini tujali nyuzi chache za kuyumba? Jioni ya tarehe 28 Desemba 1879, dhoruba iliangusha sehemu ya kati ya daraja la reli la mto Tay, Scotland, treni ikiwa juu yake. Wote waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba nguvu ya upepo haikuzingatiwa ipasavyo katika usanifu wa daraja lile. Msiba huo ulimsukuma Mwingereza William Henry Dines kuitafiti nguvu hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 akatoa kipimo chake: mrija ulio wazi mdomoni, upepo ukiingia kwa nguvu shinikizo linapanda na kuandikwa kwenye karatasi. Lakini mrija hupima vizuri pale tu mdomo wake unapoukabili upepo. Dines aliufunga kwenye kishale. Kishale kikikengeuka sana, dhoruba ingesomeka kuwa ndogo kuliko ilivyo, na wahandisi wangejenga kwa tarakimu za uongo.

Mwelekeo wenyewe nao ni habari kubwa wakati wa kimbunga. Katika nusu ya kusini ya dunia, vimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Ukiukabili upepo, kitovu cha kimbunga kiko kushoto kwako, kidogo kuelekea nyuma. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika kisiwani Mafia, kanuni hiyo ilikuwa na kazi kwetu pia. Upepo ukibadilisha upande saa baada ya saa, mtaalamu anatambua kitovu kinapita wapi. Kishale kinachotangatanga humnyima habari hiyo saa anapoihitaji kuliko wakati wowote.

Hata kishale bora huharibiwa na mahali pabaya. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linashauri kiwekwe mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi, umbali kutoka kwenye nyumba au mti ukiwa angalau mara 10 ya kimo chake. Nyuma ya jengo upepo hujikunja, na kishale kitaonyesha kwa uaminifu upepo wa jengo, si upepo wa nchi.

Basi kama shule yenu inatengeneza kishale, msikipandishe kabla ya kukijaribu. Lazeni mlingoti wake mlalo, kisha mkiachie kishale katika pembe yoyote. Mkia ukishuka, ongezeni uzito kwenye ncha, na mjaribu tena mpaka kitulie popote mnapokiacha. Kisha hakikisheni mlingoti unasimama wima kabisa, na bapa limefungwa sawasawa, halichezi hata kidogo.