Gita za Mbao za Rangi: Unalipia Saundi ama Unalipia Sura?

Kabla tuingie kwa stori, elewa kitu moja: leo tukisema "mbao" hatumaanishi ile ya shilingi 20 makanga anakudai. Tunaongelea mbao za ukweli, zile zinachongwa gita na besi. Kuna nyekundu kama tofali, kuna zambarau kama maua ya jacaranda, na kuna zingine ziko na mistari kama punda milia. Ukiziona kwa video mate inakudondoka. Ukiona bei, mate inakauka.

Sasa swali ni, hiyo ganji yote inaenda kwa saundi ama kwa sura? Na hiyo miti inatoka wapi? Tulia tukupe rada.

Hiyo si rangi ya kopo

Kitu ya kwanza kujua ni kwamba hizi rangi ni za mti wenyewe. Padauki inatoka Kamerun, Gabon na Kongo, na ikikatwa inakuwa ya machungwa inayowaka. Ni ndugu ya mninga ya Tanzania, ile wazee wanapenda kwa fanicha. Zebrano, ile ya mistari, pia ni ya Gabon na Kamerun. Halafu kuna wenge, kahawia iliyoiva na nyuzi nyeusi. Jina unalijua kama uliwahi kuchezesha kiuno na ngoma za Wenge Musica. Kampuni ya Warwick ya Ujerumani imetumia hiyo mbao kwa shingo za besi zake miaka mingi.

Ile ya zambarau inatoka Amerika ya Kati na Kusini. Ikitoka kwa msumeno iko kahawia tu, ya kawaida kabisa. Ikipigwa na hewa na mwanga ndio inageuka zambarau. Na hapa nyumbani Afrika Mashariki tuko na mpingo, nyeusi tititi, mzito hadi ukiutupa kwa maji unazama. Klarineti nyingi kali duniani zimechongwa na mpingo.

Lakini wauzaji hawakuambiangi hii: rangi huhama. Padauki ikikaa kwa mwanga inachuja pole pole mpaka inakuwa kahawia. Ile zambarau nayo ikichomwa na jua sana inarudi kuwa kahawia. Vanishi ya kuzuia miale ya jua inapunguza mwendo, haisimamishi. Kwa hivyo kama unanunua gita juu ya rangi pekee, jua hiyo rangi ni ya kukodi.

Saundi inatoka wapi basi?

Fikiria nyatiti. Bakuli yake ni mbao, lakini chenye kinaimba sana ni ngozi ya ng'ombe imewambwa hapo juu. Nyuzi zinatingisha ngozi, ngozi inatingisha hewa, masikio yako yanasikia raha.

Gita ya boksi ni hivyo hivyo. "Ngozi" yake ni ule uso wa mbele wenye tundu, na mara nyingi huo hautengenezwi na mbao ngumu ya rangi. Unatengenezwa na mbao nyepesi kama sprusi ama mwerezi, zile hata hazivutii macho. Mbao za kifahari hukaa mgongoni na kwa mbavu, penye kazi yake kwa saundi ni ndogo.

Hii si stori ya kijiweni. Mwaka wa 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio moja kali. Fundi alitengeneza gita sita zenye kila kitu sawa, isipokuwa mgongo na mbavu. Kulikuwa na rozwudi ya Brazili ya bei ya kuua, na pia kulikuwa na mbao za bei poa kama sapele. Wapiga gita 52 wakavalishwa miwani za fundi wa weldi ndio wasione wanashika gani. Alama walizopea hizo gita zilikaribiana sana. Bila macho, ile ya pesa mingi haikuwa mfalme.

Kwa gita ya umeme hesabu iko tofauti kidogo, juu sumaku za pikapu ndizo zinashika mtingishiko wa nyuzi. Hapo mbao inaleta uzito, uimara wa shingo, na ndio, sura.

Gharama yenye haiko kwa risiti

Sura si dhambi. Kila mtu anapenda kitu fiti. Shida ni vile hiyo sura inapatikana.

Rozwudi ya Brazili ilikatwa hadi biashara yake ya kimataifa ikafungwa mwaka wa 1992 chini ya mkataba wa CITES. Januari 2017 jamii yote ya rozwudi ikawekwa chini ya vibali, na mpingo wetu ukaingia humo, juu ni wa ukoo huo. Wanamuziki na kampuni wakalia na makaratasi mpaka Novemba 2019, wakati vyombo vya muziki vilivyokamilika vilipewa msamaha. Ile ya Brazili haikuingia kwa huo msamaha.

Unadhani ni mchezo? Gibson, kampuni kubwa ya gita ya Marekani, ilivamiwa na maafisa wa serikali mwaka wa 2009 na tena 2011 juu ya mbao kutoka Madagascar na India. Mwaka wa 2012 ilikubali kulipa faini ya dola 300,000, na dola zingine 50,000 zikaenda kwa uhifadhi. Na usiseme ni mambo ya mbali. Mwaka wa 2014 makontena ya rozwudi ya Madagascar yalinaswa bandarini Mombasa.

Kuna stori ingine ya kuuma. Bob Taylor wa Taylor Guitars alinunua na wenzake kiwanda cha mbao ya mpingo wa Kamerun, pale Yaoundé, mwaka wa 2011. Akapata kwamba ni kama mti mmoja kati ya kumi pekee ndio uko mweusi wote. Ile mingine iko na michirizi, na wakataji walikuwa wanaiangusha, wanacheki ndani, wanaiacha ikioza msituni. Kwa nini? Wanunuzi walitaka nyeusi safi. Taylor akaamua kutumia hata ile ya michirizi kwa gita zake. Saundi haikuharibika. Chenye kilibadilika ni akili ya mnunuzi.

Sisi Kenya tulishaiona hii filamu. Uliza wachongaji wa Wamunyu, Machakos. Walijijengea jina na vinyago vya mpingo na muhugu, watalii wakanunua, miti ikaisha. Leo wengi wanachonga mwarobaini, mwembe na jacaranda. Mpingo unaweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Ukikata leo, mjukuu wako ndiye atakata tena.

Sasa form ni gani?

Kama unanunua ama unatengenezewa na fundi, shika hizi:

Anza na uso wa mbele. Uliza kama ni mbao kamili ama ni plaiwudi. Hapo ndipo pesa yako inafanya kazi.

Uliza kama mbao imekauka. Mbao mbichi, hata iwe na rangi ya malaika, itapinda shingo na kupasua mwili. Hakuna vanishi ya kuokoa hiyo.

Weka rangi kidogo. Ukanda mwembamba wa padauki katikati ya shingo, ama kipande kwa kichwa cha gita, kinabamba kuliko mwili mzima.

Kama wewe ndiye fundi, vaa maski. Vumbi ya rozwudi na ndugu zake huwasha ngozi na kuziba kifua. Na zile zenye mafuta zipanguse na spiriti kabla ya gundi, la sivyo zitaachana.

Halafu angalia shambani kwenu. Gita za flamenko za Uhispania zimetengenezwa na saipresi tangu zamani, na binamu yake ndiye anashikilia mabati ya keja yako. Grevilea, ile mukima ya kwa shosho inayochomwa kuni, ikipasuliwa vizuri inatoa madoadoa ya kung'aa, na nje kuna mafundi wanaitumia kwa migongo ya gita. Mukau ya Ukambani nayo iko na wekundu mtamu kama mahogani, na inapandwa.

Kwa hivyo siku utaingia dukani uone gita ya zambarau inakukonyeza, fanya kitu moja kwanza. Funga macho, uipige. Kama bado unaitaka, lipa.