Kanzu ndefu ya wamama Waherero

Wengi wetu tunafikiri kama nguo ya zamani ni kitu cha kuchezea teatri tu. Lakini katika inchi ya Namibia, kusini ya Angola, kuko wanawake wanaovaa mpaka leo kanzu ya mtindo wa Ulaya wa miaka zaidi ya 100 iliyopita, na inashonwa kwao wenyewe. Hao ni wamama wa kabila la Waherero.

Zamani Waherero walivaa ngozi, na mwanamke aliyeolewa alivaa kofia ya ngozi yenye ncha tatu. Mwaka 1844 wamisionari wa Misioni ya Rhein, kutoka Ujerumani, walianza kazi kwao. Mmoja wao alikuwa Carl Hugo Hahn. Bibi yake, Emma, alifundisha wanawake kushona. Ndivyo kanzu hiyo iliingia.

Sasa tuone namna inavyoshonwa. Juu ni kama libaya: inabana kifua, inafunga mpaka shingoni, na mikono ni mirefu, imevimba kwa mabega. Chini ndiko kazi kubwa. Fundi anaunganisha vipande vipana vya kitambaa, anapitisha uzi kwa juu, anauvuta mpaka kitambaa chote kinakunjana na kuenea kiuno. Halafu anakishona pamoja na sehemu ya juu. Ndani mama anavaa jupo nyingi, moja juu ya ingine, ili kanzu isimame mbali na miguu. Kanzu moja inaweza kula metre 10 za kitambaa. Mwenye kuivaa hawezi kukimbia: anatembea polepole, kwa heshima.

Lakini kofia haikutoka Ulaya. Kitambaa kinakunjwa na kuzungushwa hata kinatoa ncha mbili, moja kuume na moja kushoto, mfano wa pembe za ng'ombe. Inaitwa otjikaiva. Waherero ni wafugaji, na ng'ombe ndiyo utajiri wao.

Mwenzangu mmoja wa darasa aliuliza: «Kwa nini wavae nguo ya watu waliowaua?» Ulizo lake ni la kweli. Januari 1904 Waherero waliinuka juu ya utawala wa Wajerumani uliowanyang'anya inchi na ng'ombe. Tarehe 2 Oktoba 1904 jenerali Lothar von Trotha alitoa amri kama kila Mherero atakayeonekana ndani ya inchi apigwe risasi. Maelfu na maelfu walikufa kwa bunduki, kwa kiu katika jangwa la Omaheke, na katika kambi za wafungwa. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari.

Mkubwa wao, Samuel Maharero, alikufa ukimbizini mwaka 1923, akazikwa Okahandja mwezi wa nane. Kila mwaka mwezi huo Waherero wanakusanyika pale kumkumbuka, wanawake na kanzu nyekundu. Kijani ni rangi ya Wambanderu. Nyeupe ni ya watu wa Zeraua.

Kwa hiyo tusiseme kama wanaiga wazungu. Mzungu alileta namna ya kukata, lakini maana imetoka kwa wale wanaoishona. Binti akikaa karibu na mama yake kushona, anajifunza pia nguo hii ni ya kukumbuka nani.

Sisi pia, tukikuta nguo ya nyanya ndani ya sanduku, tusiicheke mbele ya kuuliza nani aliishona, na juu ya nini.